Udongo Uliopewa Anwani

Kuku alikutwa asubuhi hana unyoya hata mmoja, na alikuwa hai. Alikuwa akitembea uani pale Makole, mwekundu, akidonoa mtama sawa na wenzake waliovaa, na Anastazia alipotoka na sufuria ya maji, kuku akasimama mguu mmoja juu, akamtazama kwa pembeni kama mtu aliyefumaniwa bafuni.

Anastazia alicheka. Alikuwa mwanamke wa kucheka kwanza na kutafuta sababu baadaye, na sababu hazikumpa taabu: utitiri, ugonjwa wa kuku, mtoto wa jirani asiye na kazi. Akatafuta manyoya yenyewe. Uani hapakuwa na hata moja. Palikuwa na harufu tu, nyembamba, iliyopita puani ikatoweka: yai viza na chokaa mbichi.

Harufu hiyo aliijua. Ilikuwa ya kazini.

Hiyo ilikuwa miaka ile serikali ilipouza kila kitu chenye paa. Kiwanda cha ngozi kilichokuwa mwisho wa Ipagala kilikuwa kimekufa kabla hakijafika sokoni. Mashine zake zilikwisha kuondoka kwa malori ya watu wasioulizwa, yakabaki mabati, popo na mashimo ya zege. Vyote hivyo alivinunua Thobias Sila. Bwana Thobias ndiye aliyekuwa akiwaimbisha wafanyakazi wa kiwanda hicho hicho nyimbo za kujitegemea, mkono mmoja juu. Sasa alikuwa mwekezaji, na neno hilo alilitamka taratibu, kama anayenyonya kokwa la embe. Alitaka kujenga nyumba za kuwapangisha watumishi wa Bunge. Benki ikamwambia: kwanza apatikane mtaalamu, apime udongo, atie saini kwamba hauui watu.

Mtaalamu ndiye Anastazia, mwenye shahada ya kemia kutoka Mlimani, mume aliyeko Mwanza na mke mwingine (alilieleza hivyo hivyo kwa yeyote aliyeuliza, na wengi hawakuuliza mara ya pili), na binti mmoja, Loisi, wa darasa la pili. Loisi ndiye aliyekuwa dunia yake. Mengine yote aliyahesabu kuwa ni fanicha.

Ngozi ya ng'ombe ina safari yake kiwandani, na Anastazia alikuwa ameisoma hatua kwa hatua ili ajue atafute sumu gani wapi. Kwanza inalowekwa. Kisha inatiwa katika chokaa, nywele zing'oke. Kisha inakwanguliwa upande wa ndani, mafuta na nyama vitoke. Mwisho, baada ya kutiwa dawa ya kromu, inawambwa kwa vigingi ikauke. Kila hatua ilikuwa na shimo lake, na kila shimo lilikuwa limevuja chini kwa miaka, damu na dawa pamoja. Yeye na Iddy walichimba kando ya kila shimo, wakajaza udongo katika mifuko ya plastiki, wakaandika jina la shimo juu yake.

Iddy alikuwa fundi wake wa kuchimba, kijana wa Kondoa, mwembamba, mwenye mdomo usiolala.

Sasa, wapimaji wa udongo wana hila yao moja, nayo ni halali kabisa. Udongo wa shimo moja hugawanywa katika mifuko miwili, na mfuko wa pili hupewa jina la mahali pa uongo, maabara wasijue. Wakileta majibu mawili tofauti kwa udongo mmoja, basi umewajua kuwa ni wapishi wa namba. Anastazia, ambaye hakupenda watu wa kujifanya, aliipenda hila hii kuliko kazi yote iliyobaki.

"Huu nao unatoka wapi, madam?" Iddy aliuliza, kalamu mkononi, wamechuchumaa kando ya shimo la chokaa. "Si ule ule?"

"Ule ule. Huu tunaudanganyia kwao."

"Niandike wapi?"

"Andika uani kwangu, Makole."

Iddy akasita. "Madam, utakuwa umeupa anwani."

"Barua zake zikija nitaupelekea."

"Usicheke. Sisi kwetu Kondoa, udongo uliokunywa damu hauambiwi uongo kuhusu kwao."

"Nyie kwenu Kondoa mnaogopa hata kivuli cha mbuzi. Andika, Iddy, jua linatuua."

Akaandika. Na kwa kuwa barabara ilikuwa imekatika Gairo kwa mvua zile za El Nino na gari la kwenda maabara Dar halikujulikana litapita lini, na kwa kuwa udongo wa kupima unatakiwa ubaki baridi, na kwa kuwa ofisi yao haikuwa na friji ila picha ya friji kwenye maombi ya bajeti, Anastazia aliibeba mifuko yote akaipanga kwenye friji lake la nyumbani, kati ya nyanya na maziwa ya Loisi.

Siku chache baadaye ndipo kuku akavuliwa.

Baada ya kuku akafuata mbuzi. Alikuwa wa Mama Fredy, jirani wa ukuta kwa ukuta, beberu mkaidi aliyezoea kuja kulala kwenye kivuli cha jiko la Anastazia. Mchana jua likiwa utosini, Mama Fredy alipiga ukelele. Beberu alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote, mweupe kama samli iliyoganda, hana unywele kichwani wala ndevuni, akitafuna.

"Nani kamnyoa mbuzi wangu? Mama Loisi, huu ni utani gani?"

"Mimi ninyoe mbuzi, Mama Fredy? Ili nipate nini?"

Mchana uliofuata, saa ile ile ya kivuli kuingia chini ya nyayo, beberu akakutwa uani kwa Anastazia bila ngozi, na ngozi imewambwa ukutani, imevutwa pembe zote mpaka ikawa nyembamba ya kupitisha mwanga, upande wa ndani umekwanguliwa safi kuliko kazi ya kisu chochote. Mbuzi mwenyewe alikuwa amelala chini yake, na mbavu zake, zikiwa nje hivyo, zilikuwa bado zinapanda na kushuka. Mama Fredy alimmalizia kwa panga huku akilia, kisha akaondoka bila kusema neno, na tangu hapo hakupita tena upande ule.

Anastazia hakucheka. Alisimama akitazama ule ukuta, na akilini mwake, bila kuitwa, ile safari ya ngozi ikajipanga yenyewe: chokaa, kukwangua, kuwamba.

Nyuma yake, mlangoni, Loisi aliita kwa sauti ndogo. "Mama."

Alikuwa ameshika msuko wake mkononi. Msuko mzima. Ulikuwa umemfuata alipojikuna, bila maumivu, bila tone la damu, kama mchicha unavyong'oka kwenye udongo ulioloa. Mama yake alipomkimbilia na kumshika kichwa, misuko mingine ikabaki vidoleni mwake, na nyusi zikaja na kiganja, na kope zikamwagika shavuni kama wadudu wadogo weusi.

"Mama, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Nyamaza. Hujafanya kitu, mwanangu."

Akamlaza, akaenda jikoni, akafungua friji. Mifuko ilikuwa pale pale, baridi. Akaigusa mmoja mmoja. Ule wenye neno Makole ulikuwa wa moto, na plastiki yake ilikuwa ikipanda na kushuka kidogo, kama mbavu za yule mbuzi.

*

Iddy alikuja na baiskeli, akasikiliza yote akiwa amesimama jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu Anastazia amfahamu hakuwa na mzaha.

"Sauti chini, madam," alinong'ona. "Kinasikia."

"Mimi siamini mambo haya, Iddy."

"Sawa. Usiamini. Mtoto ana nywele?"

Anastazia akageuza macho kwenye friji.

"Basi turudishe kila mfuko shimoni kwake. Nipe kikapu."

"Nakwenda mimi."

"Wewe ukae na mtoto. Mimi ndiye niliyeandika." Akaiweka mifuko kikapuni, ule wa moto akaushika kwa kitambaa. Mlangoni akageuka, akajaribu kutabasamu. "Nikirudi unipikie wali. Wa nazi, si ule wenu wa ofisini."

Alasiri ilipita, hakurudi. Anastazia alimfungia Loisi chumbani pamoja na dada wa kanisani aliyekuja kuwaombea, akatoka mbio mpaka Ipagala.

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa langoni kwa adabu. Ndani palikuwa kimya, popo hawakujisogeza, na ile harufu haikuwa nyembamba tena, ilikuwa imesimama kama ukuta ambao mtu lazima aupite kwa kifua, na Anastazia aliupita, akipita shimo la kulowekea, ambapo mfuko wake ulikuwa umerudishwa na kumwagwa vizuri, na shimo la kukwangulia, ambapo mfuko wake ulikuwa umerudishwa vivyo hivyo, mpaka akafika kwenye shimo la chokaa, akaona kwanza vichwa vyekundu vya vigingi vyao vya kupimia, vile alivyovipaka rangi mwenyewe, vikiwa vimepigiliwa sakafuni kwa duara, na akafuata kwa macho kile vilichokishikilia, mikono, miguu, mgongo mpana uliofunguliwa kama shuka, kovu la chanjo likiwa bado begani, na hakutaka kuinua macho lakini aliyainua, akamwona Iddy ameketi ukingoni mwa shimo, mikono juu ya magoti, mwekundu kuanzia utosini hadi vidoleni, kofia yake ya kufuma imewekwa sawa kichwani, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka.

Kilipanda tena mara chache. Anastazia alipiga magoti mbele yake mpaka kilipotulia, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kumshika.

Polisi waliandika fisi. Bwana Thobias, aliyefika na pikapu yake mpya, alikubaliana nao kwa haraka. "Fisi wa huku ni wabaya sana," alisema, akijipepea kwa kofia.

"Fisi gani anayejua kupigilia vigingi?" Anastazia aliuliza.

Polisi walifunga daftari lao. Bwana Thobias alimvuta pembeni. "Pole sana, mama mtaalamu. Kijana alikuwa mchapakazi. Ila benki nao wananisukuma. Ile saini..."

Alirudi nyumbani, akafungua friji kutafuta maji. Mfuko wa Makole ulikuwa umekaa kati ya nyanya na maziwa. Ile mingine ilikuwa imekwenda kwao, na huu nao umekuja kwao, kama ulivyoandikwa.

*

Mzee Abbasi hakuja kama mganga. Alikuja kama baba mdogo wa Iddy, mwalimu mstaafu wa hesabu, miwani imefungwa kwa uzi, na alikuja kuuliza kijana wao alikufaje.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimemzika bila ngozi, binti. Watu wameniambia fisi. Nimefundisha watoto waongo miaka mingi, najua jibu la kunakili. Niambie wewe."

Akamwambia. Akamwambia yote, na hila, na mzaha wa barua, bila kujipunguzia. Mzee alisikiliza macho chini. Mwisho akaonyeshwa ule mfuko, akautemea mate, akavua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akaivaa.

"Kulaumiana kuna siku yake," alisema. "Nionyeshe mtoto."

Loisi alikuwa amelala chali, kichwa kinang'aa kama yai. Ngozi ya mikono yake ilikuwa nyeupe na imelegea, imejikunja kama ya mtu aliyekaa majini kutwa. Mwalimu alipoibana kwa vidole viwili, ilibaki imesimama ilipoachwa. Mzee akaondoa mkono wake upesi.

"Amefanywa kiti," alisema. "Jini limempanda. Mimi haya nimeyarithi kwa baba, sikuyaomba. Nipe sahani nyeupe na makaa."

Paroko alikuwa kwenye semina Morogoro, na Anastazia hakuwa katika hali ya kuchagua dini. Akaleta sahani. Mzee akaiandika aya kwa zafarani, akaiosha kwa maji, akamnywesha mtoto. Akafukiza ubani, akamfunika shuka, akakaa kwenye kigoda mbele ya kitanda, magoti pamoja, kama anayengoja darasa linyamaze. Nje jua lilikuwa linapanda. Jogoo wa mtaa wa pili aliwika, akakatisha katikati.

"Uliyepanda hapo," mzee alisema, "tunakusalimu."

Shuka lilitikisika. Kilichojibu hakikuwa Loisi. Kilikuwa kama maji machafu yanayorudi juu kwenye bomba.

"Salamu zenu sili."

Anastazia alijiziba mdomo.

"Jina lako nani?"

"Majina mnayo nyinyi. Mimi nina kazi."

"Kazi gani?"

"Ile mliyonipa. Nilikuwa nimelala chini, mkachimba mashimo juu yangu, mkaniletea ng'ombe, mbuzi, kondoo, asubuhi na jioni, damu ikanishukia nilipolala. Nikajifunza. Kisha mkafunga milango. Hakuna aliyekuja kuniambia kitu."

Jini aliyepunguzwa kazini bila kiinua mgongo. Siku nyingine yoyote Anastazia angelicheka mpaka machozi.

"Rudi shimoni kwako," mzee alisema.

"Kwangu ni hapa. Nimepewa. Aliyeandika nimekwisha malizana naye. Aliyetamka ananisikia."

"Mtoto huyu hana kosa."

"Ngozi haina kosa," ile sauti ilisema, karibu kwa upole. "Ni laini tu."

Mzee akasogeza kigoda. "Utamshuka kwa lipi?"

"Nipeni mwingine. Aseme udongo huu ni wake. Aseme kweli. Nitakwenda naye."

"Ni wangu!" Anastazia alikwisha kuanguka kando ya kitanda. "Ni wangu mimi, nichukue mimi, muache, ni wangu!"

Chini ya shuka kitu kilicheka. "Muongo. Jana uliudanganyia kwao, leo unaudanganyia mwenyewe. Huutaki hata ndani ya friji lako."

"Basi ni wangu," mzee Abbasi alisema. "Mimi Abbasi."

"Mwalimu, wewe umeutemea mate ulipouona. Kaa chini."

Ndipo Loisi akapiga yowe, sasa kwa sauti yake mwenyewe. Anastazia akavuta shuka. Kisiginoni mwa mtoto ulikuwa umefunguka mstari, mwembamba, mnyoofu, kama umepimwa kwa rula, na ulikuwa ukipanda. Haukutoa damu. Ulipanda taratibu nyuma ya mguu, na pande zake mbili zilikuwa zikijikunja nje, kidogo kidogo, kama maganda ya ndizi.

"Mwalimu, fanya kitu!"

Mzee alikwisha kuanza kusoma, mkono juu ya goti la mtoto, jasho linamtiririka chini ya kofia, na mstari ulipofika chini ya kiganja chake ukasimama. Haukurudi. Ulisimama tu, ukisukuma. "Nitauzuia," alisema kwa meno. "Si kwa muda mrefu. Nimezeeka."

Nje honi ya gari ikapigwa mara mbili, kwa furaha.

"Hodi hapa! Mama mtaalamu! Wenyewe mpo?"

Anastazia na mzee Abbasi wakatazamana. Kila mmoja aliona wazo lile lile likipita usoni mwa mwenzake. Mzee aliacha kusoma kwa pumzi moja, na mstari ukaruka kidole kizima juu.

"Binti," alinong'ona. "Usimwulize yule mtu."

"Mwalimu..."

"Tutatafuta njia nyingine. Ana watoto, yule."

"Na mimi nina mmoja," alisema Anastazia. Akafunga mlango wa chumba nyuma yake.

Bwana Thobias alikwisha kukaa sebuleni, suti ya rangi ya maziwa, karatasi ya benki mezani imefunuliwa mahali pa saini. "Samahani kuingia hivi. Mgonjwa anaendeleaje? Nimeleta juisi." Kweli alikuwa ameleta juisi. Boksi dogo, la embe, na mrija wake. Anastazia aliliona, akasita. Kisha ndani Loisi alilia tena.

Akaenda jikoni. Akarudi na mfuko, akauweka mezani juu ya ile karatasi.

"Nitatia saini," alisema. "Nikuulize kitu kimoja kwanza. Udongo huu ni wa nani?"

Bwana Thobias akaacha kutabasamu. "Kuna mtu amekuja hapa? Wale wazee wa Ipagala? Wameshaanza kusema malisho yao, makaburi yao?"

"Nataka kusikia kwako."

Maisha yake yote Thobias Sila alikuwa amesema mambo asiyoyaamini. Aliyasema jukwaani kwa kipaza sauti, aliyasema benki, aliyasema msibani kwa Iddy. Ungeweza kumsikiliza mwaka mzima usikute neno moja lenye mfupa. Lakini sasa alinyoosha mkono, akauweka juu ya ule mfuko kama mtu anayemshika mwanawe kichwani, na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa kijana maskini aliyekwenda shule bila viatu, na Anastazia akajua kwamba hatimaye mtu huyu anasema kweli.

"Ni wangu," alisema. "Zege lake, mashimo yake, udongo wake mpaka chini huko ambako hakuna anayejua kuna nini. Sijawahi kuwa na kitu, dada yangu. Huu ni wangu. Wangu na wa wato..."

Anastazia aliruka juu ya meza, akamziba mdomo kwa viganja viwili.

"Inatosha! Usiwataje! Inatosha!"

Chumbani Loisi alinyamaza.

Bwana Thobias aliiondoa mikono ya Anastazia, ameudhika. "Una nini wewe?" Akajikuna shingo chini ya kola. Nywele zikashuka juu ya bega la suti ya maziwa, zote kwa pamoja, kama kofia iliyovuliwa na upepo, naye akazitazama, akacheka kidogo kwa aibu, akasema labda ni joto, akainuka, akasema atarudi kesho, na akatoka nje kwenye jua la utosi akitembea kama mtu mwenye haraka asiyetaka ionekane, na alipofika kwenye pikapu akashika kitasa kuvuta mlango, mlango haukufunguka, akavuta kwa nguvu, mkono ukatoka, lakini ngozi ya mkono ikabaki kwenye kitasa, na kucha zake zote, kama glavu iliyosahauliwa, na alitazama vile vidole vyake vyekundu kwa mshangao tu kwanza, bila kelele, wakati mstari ulipokuwa ukipanda nyuma yake, ukichana suti, ukichana shati, kutoka kisigino hadi kisogo, na ndipo alipopiga ile kelele ambayo watu wa Makole waliitolea kila mmoja maelezo yake, treni, ng'ombe machinjioni, redio, kila kitu isipokuwa kilichokuwa, na Anastazia, aliyesimama kizingitini, alijilazimisha kutazama mpaka mwisho, mpaka kitu cheupe na kipana kilipowambwa juu ya boneti, kikavutwa pembe zote, kikaanza kukauka, kwa kuwa aliona kwamba kuuliza vile kisha kufumba macho kungekuwa ni kujifanya.

Mezani mfuko ulikuwa mtupu. Umekunjwa.

*

Mzee Abbasi hakunywa chai. Alifunga miwani yake kwa uzi, akamshika Loisi kichwani, akatoka. Mlangoni alisimama, mgongo umegeuka.

"Yule bwana aliwahi kusema," alisema. "Ila ningeweza kuuzuia mstari kidogo tena."

"Kidogo kiasi gani, mwalimu?"

Mzee akafikiri kwa uaminifu, kama mtu wa hesabu. "Sijui," alisema, akaenda zake.

Polisi waliandika fisi tena. Anastazia aliandika ripoti yake: eneo halifai kwa makazi, lisijengwe, lizungushiwe uzio. Akatia saini kwa mkono uliotulia. Wanunuzi wengine walikuja, wakaisoma, wakakuna vichwa, wakaondoka. Mguu wa Loisi ukafunga, ukabaki na mstari mweupe tu. Nywele zikaanza kuota, laini kama za mtoto mchanga.

Siku moja mchana walikaa kwenye mkeka, mama na mwana, wakichambua mlenda. Loisi alikuwa akifanya kazi polepole, jani kwa jani.

"Mama, yule alikuwa ananisimulia."

Vidole vya Anastazia vikasimama. "Nani?"

"Yule. Nilipokuwa kiti. Nilikuwa nasikia kila kitu, na wewe ulivyokuwa sebuleni. Uliponyamaza ukimngoja yule baba aseme, huyo aliyenipanda alifurahi sana. Alicheka."

"Alisema atarudi?"

"Hapana." Loisi alitupa bua pembeni, akachukua jani jingine. "Nilimwuliza. Alisema hana haja. Alisema mama yako anaijua kazi."

Anastazia alimtazama binti yake. Kisha akainamisha kichwa, akaendelea kuchambua mlenda, na hakubisha.